Mkuki wa Göte na Ubeti Uliokatwa

Nyinyi mliohamia jengo jipya mmeniomba niandike, kwa sababu kila mmoja wenu ana habari yake ya ule mkuki na zote zina makosa. Mmoja anasema tulikuwa watu kumi. Mwingine anasema tulichinja mbuzi. Jamani, mbuzi achinjwe Jordbro, katikati ya maghala, na watu wa mazingira watuangalie tu? Sasa nimestaafu, muda ninao, na mke wangu amechoka kunisikia nikiisahihisha hadithi hii mezani. Isomeni mara moja, kisha msiniulize tena.

Mimi ni fundi wa Buyenzi, Bujumbura. Huko nilifua majembe, mapanga na mageti, na nyundo ya mikono miwili niliishika kabla sijaanza kunyoa ndevu. Stockholm nilifika kwa njia ambayo wengi wetu tulifika nayo, na hiyo sitaisimulia hapa. Karakana ya Göte ilikuwa mwisho wa barabara ya viwanda, Jordbro, nami nilikaa Norsborg, kwa hiyo kila asubuhi nilivuka mji mzima kwa treni mbili ili nikapige chuma. Watu wa kanisani waliniuliza kwa nini sitafuti kazi karibu na nyumbani. Kana kwamba kuna mhunzi kila kituo cha treni!

Siku ya kwanza nilikuwa na Kiswidi cha darasani: niliweza kusema jina langu na kwamba napenda samaki. Göte hakuniuliza jina wala samaki. Alinipa ufagio. Baada ya ufagio alinipa tupa, na baada ya tupa, kwa muda mrefu sana, hakunipa kitu. Alikuwa mzee mrefu, mkavu, mwenye nyusi zilizoungua upande mmoja. Kwetu mtu wa umri ule ningemwita Mzee, lakini huku hata bibi kizee unamwita jina lake kavukavu, na ilinichukua miaka kufanya hivyo bila kuona aibu. Koleo zake zilining'inia ukutani kwa mpangilio. Ukihamisha moja hakufoka. Alikwenda kusimama mbele ya msumari mtupu, mikono nyuma, mpaka uone haya uirudishe.

Kilichonikera mwanzoni ni kahawa. Saa tatu asubuhi ikigonga, watu wote waliacha kazi kwenda kwenye *fika*, hicho kikao chao cha kahawa na mikate ya mdalasini. Chuma kiko motoni, kimeiva, kinaomba kupigwa, na watu wazima wanatafuna mikate na kuzungumzia hali ya hewa! Göte naye alikereka. Alikunywa yake amesimama mlangoni, jicho kwenye moto. Nadhani hapo ndipo tulipoanza kuelewana, watu wawili walionuna na vikombe vyao mkononi.

Baadaye alinifundisha lugha ya nyundo, nami nawaandikia kwa sababu najua hamtaisikia tena huko kwenye mashine zenu. Fundi mkuu anashika nyundo ndogo na koleo. Mpigaji anashika nyundo kubwa. Fundi akigonga mahali kwenye chuma, maana yake piga hapa. Akigonga pembeni, kwenye fuawe inayobeba chuma, jiandae. Akiilaza nyundo yake ubavu juu ya fuawe, acha. Hapo hapo, hata kama nyundo yako iko hewani, isishuke. Hakuna kusema, kwa sababu katika kelele ile huwezi kusikia neno. Kwetu Buyenzi tulikuwa tunaimba, na wimbo ndio uliotuambia lini tupige na lini tupumzike. Kwa Göte nyundo tu ndizo zilizosema.

Kazi zetu nyingi zilikuwa vitu vya kawaida: reli za ngazi, mageti ya makaburini, bawaba za milango ya makanisa. Lakini kila majira ya kuchipua walikuja Waviking. Siyo wale wa kale waliozunguka dunia na mashua zao, bali wajukuu wao, wanaume wa ndevu ndefu ambao Jumatatu mpaka Ijumaa wanakaa mbele ya kompyuta na Jumamosi wanavaa ngozi na kupigania uwanja wa nyasi. Hao walitaka mikuki ya mtindo wa kale, yenye mawimbi ndani ya chuma.

Mawimbi hayo hayachorwi. Unachukua vipande vya chuma laini na vya chuma kigumu, unavipanga tabaka juu ya tabaka, unavinyunyizia unga wa boraksi ili uchafu utoke, unavitia motoni mpaka viwe karibu kuyeyuka, kisha unavipiga viwe kitu kimoja. Unakivuta kiwe fimbo. Fimbo ikiiva unaibana kwenye jiliwa na kuisokota kama mama anavyokamua shuka. Unatengeneza ya pili, unaisokota upande wa pili, unazilaza ubavu kwa ubavu, unazizungushia chuma kigumu kiwe makali, na vyote unaviunga tena kwa moto. Halafu kuna bomba la kuingizia mti, nalo linaunganishwa na bapa lenye makali pale shingoni. Shingo ndiyo inayoua mikuki. Ukiunga ikiwa imepoa kidogo tu, kwa nje inaonekana nzima, na ndani ni nyufa.

Kwa nyundo ya umeme tulifanya hivyo mara nyingi, na mikuki ilitoka mizuri. Mviking alikuja, akaushika, akaugeuza kwenye mwanga, akauliza: "Mmefua kwa mikono?" Göte hakuweza kudanganya hata kama ungemlipa. Alinyoosha kidole kuonyesha ile mashine pembeni. Uso wa yule mtu ulinywea, akasema, "Aha, kumbe mashine," akaenda zake na mkuki wake. Kila mwaka neno hilohilo, kumbe mashine. Mimi nilitaka kumkimbiza mtu na koleo. Göte alifuta mikono tu, lakini siku nzima hakugusa chakula.

Kisha mwenye jengo akatuambia kwamba anataka ghala la vifurushi, nasi tungehamia lile jengo lenu jipya lenye gesi na umeme, lisilo na bomba la moshi wa makaa. Wakati uleule bega la Göte lilikuwa limekwisha, macho yalikuwa na ukungu, na mpwa wake Annika alikuwa amempatia chumba kwenye nyumba ya wazee huko Haninge. Asubuhi moja alinijia kabla ya kahawa.

"Venant," akasema, "nataka mmoja. Kabla moto haujazimwa. Bila waya hata mmoja kuchomekwa ukutani."

Nikaelewa. Alitaka mkuki mmoja maishani mwake ambao hakuna mtu angeuambia kumbe mashine. Yeye angeshika nyundo ndogo, kwa hilo bega liliweza. Mimi ningesimamia moto na kuzungusha feni ya mkono. Tulihitaji wapigaji wawili wa kupokezana. Nikawauliza wenzetu. Mmoja alikuwa na mgongo na cheti cha mgongo. Mwingine aliuliza kama bima inaruhusu. Wa tatu alisema angependa sana, lakini wiki hiyo alikuwa na zamu ya kumpeleka mtoto kuogelea. Wahunzi hao! Nikarudi Norsborg nimefura.

Jumapili nikawashika vijana wawili wa kwaya yetu. Deo ni Mrundi mwenzangu, anaishi Märsta na anasafisha ndege uwanjani. Bahati anatoka Bukavu, kazi yake kubeba majokofu na makochi ya watu wanaohama. Wote wawili wana vifua vipana kama milango, na wote wamekua wakilima na kuponda mawe kwa nyimbo. Kupokezana nyundo kwao ni kama kupumua, mradi waimbe. Kosa la kutowaza hilo "mradi" lilikuwa letu sote.

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri. Waliimba wimbo wa kwaya, mmoja anashusha nyundo, mwenzake anapandisha, na chuma kikatandazika. Göte aliinua nyusi, ile nzima na ile iliyoungua. Niliona kwamba kila alipolaza nyundo yake wao waliongeza mapigo mawili matatu, lakini kipande kikiwa kinene kinasamehe, naye akakinyoosha ubavu. Tukaunga tabaka, tukasokota fimbo, tukaunga makali. Jumamosi baada ya Jumamosi. Bomba likaviringwa. Ikabaki shingo.

Siku ya shingo nilikitoa chuma kikiwa cheupe, kinatoa cheche ndogo. Göte akagonga, wakapiga, tamu kabisa. Akalaza nyundo. Wakaendelea kupiga! Chuma kilishageuka rangi ya chungwa, kikaanza kuwa chekundu, na wale wawili, macho yamefumbwa nusu, wanaimba kwa sauti ya kwanza na ya pili. Shingo ikakatika kama muhogo mkavu. Bapa likaanguka kwenye vumbi la makaa, na ufa ulikuwa umepanda mpaka katikati ya mawimbi.

"Nimelaza nyundo!" Göte alipaza sauti, mara ya kwanza kwa miaka yote niliyomjua. "Nimeilaza! Mlikuwa mnaangalia nini?"

Bahati akafuta jasho, akanigeukia kwa upole kabisa. "Papa, umuambie asikasirike. Siye tuliona nyundo. Lakini ubeti ulikuwa haujaisha."

Ikanibidi nitafsiri hilo kwa Kiswidi. Mnajua ilivyo kumwambia mzee wa Kiswidi, kazi ya wiki nyingi ikiwa vipande miguuni pake, kwamba ubeti ulikuwa haujaisha?  Göte akaenda kusimama mbele ya ukuta wa koleo, mikono nyuma, ingawa hakuna msumari uliokuwa mtupu.

Tulianza upya na kipande kingine, safari hii bila kuimba, kwa amri yangu. Nyundo zikagongana hewani, mpini ukapasuka, na kidole cha mguu cha Bahati kikaponea chupuchupu. Nikawauliza kama basi wanaweza kuukatiza wimbo nyundo ikilazwa. Deo akasema, "Mzee, tutajaribu," kwa ile sauti ya mtu ambaye hatajaribu. Kwaya yao haijawahi kukatiza ubeti, isipokuwa kwa mtu mmoja.

Mtu huyo ni Mama Consolata, kiongozi wa kwaya, mpishi wa shule Norsborg, mwanamke mfupi ambaye akifumba ngumi watu thelathini wananyamaza kwa pamoja. Nikamfuata baada ya ibada nikimwomba wimbo mfupi wa vijana wangu.

"Papa Venant, non," akasema. "Wimbo si sambusa ya kukata katikati. Iko na mwanzo na mwisho yake. Unataka nimuache Bwana mu njia?"

"Mama, chuma kinapoa."

"Bwana naye?"

Nilichoka. Nilimweleza habari yote: Göte, bega, nyumba ya wazee, kumbe mashine. Alisikiliza huku akikunja vitambaa vya madhabahu. Kisha akasema atakuja mwenyewe kumwona huyo mzee anayekata nyimbo za watu.

Akaja Jordbro na kiti chake cha kukunja na chupa yake ya chai. Alilalamikia moshi. Alilalamikia baridi. Miwani ya usalama haikupita kwenye kilemba, akaivaa juu ya miwani yake ya kusomea. Göte alisimama na koleo mkononi akimwangalia kama anavyoangaliwa mkaguzi wa zimamoto. Nikatafsiri masharti ya Mama. Yeye atasimama nyuma ya bega la Göte. Göte akilaza nyundo, yeye atafumba ngumi, nao wataacha kuimba na kupiga. Lakini chuma kikirudi motoni, vijana watamalizia ubeti kuanzia pale pale ulipokatwa. Haupotei.

"Na mimi nifanye nini wakati wanamalizia?" Göte akauliza.

"Asikilize," Mama akasema.

Basi tukafanya hivyo, na kusema kweli sijawahi kuona kazi kama ile. Nyundo inalazwa, ngumi inafumbwa, kimya. Chuma ndani ya makaa, mimi nazungusha feni, na vijana wanamalizia nusu ya ubeti kwa sauti ya chini. Mara nyingi ubeti ulipofika mwisho, chuma nacho kilikuwa karibu kuiva. Göte alianza kutikisa kichwa kidogo kwa mapigo. Kufikia Jumamosi ya tatu alikuwa anasubiri mwisho wa ubeti kabla hajanyoosha koleo, na akinyooshewa kikombe cha chai ya Mama Consolata, anakunywa ameketi.

Malori ya kuhamisha vifaa yalikuwa yaje wiki iliyofuata. Siku ya shingo ikafika tena. Nilikitoa chuma, cheupe. Göte akagonga. Wimbo ule ni wa Mama mwenyewe, wenye mwendo wa kulima, nao wakafika kwenye mstari wa *Nimetembea tangu asubuhi, Baba, nifungulie*, na hapo Göte akalaza nyundo. Ngumi ikafumbwa. Kimya. Nyundo ya Deo ilibaki hewani.

Göte alikigeuza chuma. Macho yake hayakuwa ya kutegemewa tena, kwa hiyo kilipopoa alipitisha ukucha wa kidole gumba shingoni, huku na huku, akitafuta ufa. Akakigonga na kusikiliza. Kikalia vizuri.

"*Den håller*," akasema. Inashika.

Bahati akamkumbatia. Sidhani kama Göte aliwahi kukumbatiwa karakanani. Sote tukapiga kelele, mimi nikiwa wa kwanza, na siku ile chuma hakikurudi motoni, kwa sababu kazi ya nyundo kubwa ilikuwa imeisha. Iliyobaki ilikuwa kazi yangu na Göte, ya tupa: kunyoosha, kuzima kwenye mafuta, kusugua kwa msasa, kuosha kwa tindikali mpaka mawimbi yakatoka. Jumapili Mama Consolata akanikamata mlangoni mwa kanisa.

"Papa Venant, ile ubeti hatukumaliza."

"Mama, mkuki umekwisha."

"Mkuki, ndiyo. Ubeti, hapana."

Jumapili iliyofuata vilevile, na iliyofuata. Nilianza kutokea mlango wa nyuma.

Siku ya kuzima moto wa makaa Göte alininyooshea mkuki. "Chukua, ni wako." Nikakataa. Kwetu, kwa desturi ya zamani, mkuki wa mwenye nyumba hautoki mkononi mwake akiwa hai. Anayepewa ni yule anayebaki. Kuupokea ni kusema nakuona unakufa. Nilimweleza hivyo. Akasema ni chuma tu. Nikasema hapana. Akasema, "Chukua, mtu wewe!" Nikatoka nje, nimekasirika hata sikumuaga vizuri, na hasira yenyewe ilikuwa hofu.

Akaenda nao nyumba ya wazee. Wahudumu wa huko wakauchukua siku hiyohiyo, kwa kuwa ni silaha, wakaufungia kwenye kabati la dawa. Nilipokwenda kumtembelea, muuguzi mmoja mwenye subira alifungua kabati, akasimama akiulinda, Göte akapapasa shingo kwa kidole gumba, kisha ukarudi kati ya vidonge na chupa za dawa ya kikohozi. Mkuki wa mtu mzima! Nililalamika kwa msimamizi kwa Kiswidi changu kizuri kabisa. Alinipa kahawa.

Siku moja Göte aliniuliza kama wale vijana bado wanaimba. Nikasema wanaimba, na kwamba Mama Consolata ananisumbua juu ya ubeti. Alicheka mpaka akakohoa. "Mwambie asikate tamaa," akasema. Hakuuona msimu wa theluji uliofuata.

Kanisa dogo la mazishi huku hukodishwa kwa saa, na nyuma yako kuna wengine wanasubiri. Annika aliomba kwaya yetu iimbe ubeti mmoja, mmoja tu, kwa sababu ya muda. Nilimsihi Mama Consolata njia nzima kwenye treni: Mama, ubeti mmoja, tafadhali, mlinzi wa kanisa lile ana saa. Alijimiminia chai. Mkuki ulikuwa juu ya jeneza. Annika aliuinua kwa mikono miwili, akaja nilipoketi, akaninong'oneza kwamba Göte alimwagiza anipe, na kwamba nisianze tena kukataa. Nikaupokea. Mlinzi akatazama saa yake.

Mama Consolata akasimama mbele ya kwaya, ngumi ameinua, imefumbwa. Deo na Bahati walikuwa mstari wa nyuma, wamemkazia macho. Akaifungua ngumi, na wote wakaingia kwa sauti moja, katikati ya mstari, pale pale Göte alipolaza nyundo:

*mlango, niingie, nipumzike.*

Wakanyamaza, wakaketi. Waswidi walitazamana; walidhani tumekosea mwanzo.